Foleni iwe kwenye ruta yako, isiwe kwenye modemu: kupanga laini ya hosteli kwa MikroTik

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu alinipigia simu saa kumi jioni, sauti imemkauka. Alikuwa kwenye usaili wa kazi kwa njia ya video, na katikati ya swali la tatu picha ikaganda. Aliporudi hewani, waliokuwa wakimsaili walikwisha kumwita mwingine. "Kaka, spidi nimepima, inasoma kumi na tisa. Sasa shida ni nini?"

Hosteli yenyewe iko Morogoro: vyumba 22, wanafunzi arobaini na kitu, laini moja ya faiba ya megabiti 20 kushuka na 5 kupanda. Mama mwenye hosteli alikwisha kuniuliza mara mbili kama alipie kifurushi kikubwa zaidi. Nilimwomba asubiri kwanza, nikaenda na laptop yangu na kebo, nikachomeka moja kwa moja kwenye ruta yake ya MikroTik, nikaanza kupiga pingi, yaani kutuma pakiti (kipande kidogo cha data) na kupima inachukua muda gani kurudi:

ping -t 8.8.8.8

Jibu lilikuwa linarudi kwa milisekunde 28. Nikamwomba kijana mmoja aanze kupandisha video ya gigabaiti moja kwenye hifadhi yake ya mtandaoni. Pingi ikaruka 90, ikaenda 300, ikatulia kwenye 900. Wakati huo upande wa kushuka ulikuwa karibu mtupu. Megabiti zilikuwepo, tena za kutosha. Pakiti za yule dada wa usaili zilikuwa zimekaa foleni nyuma ya video ya mtu mwingine.

Naomba tufanye hesabu hii pamoja, maana ukiielewa hutamshauri tena mteja anunue kifurushi asichokihitaji. Laini inapandisha megabiti 5 kwa sekunde, na pingi imechelewa karibu sekunde 0.9. Zidisha: megabiti 4.5 zimelala mahali fulani zikisubiri zamu. Gawa kwa nane, unapata kama kilobaiti 560. Hiyo ndiyo bafa ya modemu, yaani chumba chake cha kuwekea pakiti zinazosubiri. Pakiti iliyojaa ina baiti 1,500, kwa hiyo ni pakiti 370 na ushee zimepangana mstari mmoja, na sauti ya mtu anayejieleza kwenye usaili inaingia mkiani. Aliyewahi kupanda mlima Kitonga nyuma ya msururu wa malori anaijua hali hii. Gari lako lina nguvu zote, lakini huwezi kwenda kasi kuliko lori lililo mbele.

Na balaa haliishii kwa wanaoongea. Kila anayepakua kitu, simu yake hurudisha vipakiti vidogo vya kukiri kwamba mzigo umefika. Vipakiti hivyo vinapanda kwenye njia ileile iliyojaa. Vikichelewa, aliyeko upande wa pili anapunguza kasi ya kutuma. Ndiyo maana wanafunzi walikuwa wakilalamika kwamba "kudownload kumekufa" hali aliyeijaza laini alikuwa anapandisha.

Dawa ina sehemu mbili, na zote mbili lazima ziwepo. Kwanza uihamishe foleni itoke kwenye modemu, ambako huna mamlaka, ije kwenye ruta yako. Unafanya hivyo kwa kuibana ruta itume kidogo chini ya uwezo halisi wa laini, ili modemu isipate kujaa. Pili, foleni hiyo iliyohamia kwako uipe akili. Ukifanya la kwanza peke yake, umehamisha tu msongamano. Ukifanya la pili peke yake, ruta yako haitaona foleni yoyote, maana foleni bado iko kwenye modemu.

Akili ninayoisema inaitwa FQ-CoDel. Mhandisi Jim Gettys wa Marekani ndiye aliyeanza kulipigia kelele tatizo la bafa zilizovimba, mwishoni mwa mwaka 2010. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa CoDel, na ile iliyoongezewa ugawaji wa haki ikaandikwa rasmi kama RFC 8290 (waraka wa kiufundi wa intaneti) Januari 2018. Wazo lao ni zuri kwa sababu halihesabu pakiti ngapi ziko kwenye foleni, linahesabu kila pakiti imekaa muda gani. Kama kwa milisekunde 100 nzima hakuna hata pakiti moja iliyopita kwa kusubiri chini ya milisekunde 5, basi foleni imekwama, na inaanza kudondosha pakiti moja moja mpaka mtumaji apunguze. Halafu kila mkondo, yaani kila muunganisho mmoja, una foleni yake ndogo, na mkondo uliokuwa kimya ukileta pakiti unahudumiwa mapema. Sauti ya simu ni vipakiti vidogo vinavyokuja kwa nafasi, kwa hiyo inapenya kama bodaboda katikati ya malori, bila wewe kuandika kanuni yoyote ya kuipendelea.

Kabla hujagusa kitu

Angalia toleo la RouterOS, mfumo unaoendesha ruta za MikroTik. FQ-CoDel na ndugu yake CAKE vipo kuanzia toleo la 7 tu.

/system resource print

Kama bado uko kwenye 6 na kifaa chako kinakubali, pandisha toleo kwanza. Kama haiwezekani, tumia PCQ iliyomo tayari (pcq-upload-default na pcq-download-default) mahali nitakapotaja aina ya foleni. Inagawa sawa kwa kila mtu, ila haiangalii muda wa kusubiri, kwa hiyo utapata nusu ya faida.

Tunza nakala ya mpangilio uliopo:

/export file=kabla-ya-foleni

Kisha bonyeza kitufe cha Safe Mode kwenye Winbox, programu ya kuipangia ruta. Ukijifungia nje kwa bahati mbaya, ruta itarudisha mambo yalivyokuwa. Ukimaliza na kila kitu kiko sawa, bonyeza tena ili mabadiliko yabaki. Mimi sifanyi kazi kwenye ruta ya mtu bila kitufe hiki, hata kama niko mita mbili tu kutoka ilipo.

Pima laini kwa kebo, si kwa Wi-Fi, na pima mara tatu: asubuhi, mchana, na usiku wakati kila mtu yuko hewani. Chukua namba ndogo kuliko zote. Pale hosteli nilipata 19.4 kushuka na 4.7 kupanda. Asilimia 90 yake ni kama 17.5 na 4.2, na hizo ndizo namba nilizoanza nazo.

Fayawoli inayoruka foleni

Hapa ndipo mafundi wengi tunapoteza siku nzima. Ukiiwasha MikroTik kwa mpangilio wake wa kiwandani, kwenye fayawoli kuna kanuni ya fasttrack. Kazi yake ni njema: muunganisho ukishakubaliwa, pakiti zake zinapitishwa njia ya mkato ili prosesa isichoke. Lakini njia hiyo ya mkato inaziruka foleni pia. Unaweza kuandika foleni nzuri kuliko zote, ukaona namba zake zinasimama karibu na sifuri huku hosteli nzima inatazama video. Mara ya kwanza liliponikuta nilibadilisha kebo, nikabadilisha ruta, nikarudi nyumbani saa sita usiku bila jibu.

Izime hivi:

/ip firewall filter disable [find action=fasttrack-connection]

Miunganisho iliyokwisha kuingia kwenye njia ya mkato itaendelea humohumo mpaka iishe, kwa hiyo ifute ianze upya:

/ip firewall connection remove [find]

Watu watakatika sekunde chache, watarudi. Usifanye wakati wa mtihani wa mtandaoni. Na kwa kuwa prosesa sasa inabeba mzigo wote, chungulia kiwango chake kwenye /system resource print wakati laini imejaa. Kwa megabiti 20, ruta ndogo ya kawaida haitokwi hata jasho. Kwa laini ya megabiti 300 na zaidi, ruta ileile inaweza kuzidiwa, na hapo inabidi uchague kifaa chenye nguvu zaidi.

Foleni yenyewe

Tengeneza aina ya foleni, kisha foleni:

/queue type add name=akili kind=fq-codel

/queue simple add name=hosteli target=192.168.88.0/24 max-limit=4200k/17500k queue=akili/akili

Namba ya kwanza kwenye max-limit ni ya kupanda, ya pili ni ya kushuka, kwa macho ya aliyeko ndani ya hosteli. Ukizigeuza utajua mara moja: kupakua kutakuwa kwa megabiti 4, na simu zitaanza kuita. Weka target iwe mtandao wako halisi; 192.168.88.0/24 ni ule wa kiwandani. Kama mtoa huduma wako anakupa na IPv6, andika jina la bridge ya ndani (inayounganisha bandari za ndani za ruta) badala ya anwani, la sivyo nusu ya mzigo itapita pembeni ya foleni.

Kama kulikuwa na foleni za zamani, za kubana chumba kimoja kimoja, ziangalie. Foleni hizi husomwa kutoka juu kwenda chini, na pakiti ikishakutana na ya kwanza inayoihusu haiendelei mbele. Foleni ya zamani ikiwa juu ya hii mpya, mtu huyo hajaguswa na kazi yako. Pale hosteli nilizikuta kumi na moja, zilizowekwa na fundi aliyenitangulia, kila chumba "korofi" kimebanwa megabiti 1. Nilizifuta zote. Kumbana mtu megabiti 1 saa nane usiku wakati laini nzima imelala ni kumwonea bure, na wala hakumsaidii jirani yake mchana.

Jambo moja kwa wenye laini nyembamba. Pakiti iliyojaa ni biti 12,000. Kwa kasi ya chini ya megabiti 2.4, pakiti moja peke yake inazidi milisekunde 5 njiani. CoDel itaiona foleni ambayo haipo na kudondosha ovyo. Ipe nafasi upande wa kupanda, kwa aina yake ya foleni:

/queue type add name=akili-nyembamba kind=fq-codel fq-codel-target=15ms

Pima kutoka sehemu mbili

Rudia jaribio lilelile: mtu apandishe video kubwa, wewe upige pingi. Ila piga mbili kwa pamoja, moja kutoka laptop iliyo kwenye kebo, nyingine kutoka ndani ya ruta yenyewe kwa /ping 8.8.8.8. Zinakuambia mambo tofauti. Pingi ya ruta haipiti kwenye foleni ya hosteli, kwa hiyo inakuonyesha hali ya modemu tu. Ikipanda wakati laini imejaa, foleni bado iko nje, na namba zako za max-limit ni kubwa mno. Shusha kidogo kidogo, kilobiti 200 kwa upande wa kupanda, mpaka itulie. Pingi ya laptop ndiyo inayokuonyesha anachokipata mwanafunzi.

Usiku ule, kwa 4200k, pingi ya ruta ilikuwa bado inaruka mpaka 70. Nikashusha hadi 4000k, ikakaa kati ya 28 na 33. Ya laptop ikawa 36 hadi 40, huku video ya yule kijana inaendelea kupanda bila kusimama. Kutoka 900. Nilimwita mama mwenye hosteli aione kwa macho yake, nikamweleza ile namba ni nini, naye akauliza swali zuri kuliko yangu yote: "Na huyo anayepandisha video, umemnyima?" Hapana. Amekosa kama megabiti 0.7 kati ya 4.7, tena pale tu laini inapojaa.

Upande wa kushuka uwe mpole zaidi. Pakiti zinazoshuka zimekwisha kupita kwenye bomba jembamba kabla hujaziona. Unachoweza ni kudondosha moja ili mtumaji wa mbali apunguze. Inafanya kazi, lakini kwa kuchelewa kidogo, ndiyo maana huku unaacha pengo kubwa. Kama asilimia 90 haitoshi, shuka 85.

Na kabla hujamlaumu mtoa huduma, piga pingi kutoka kwenye simu kwenda kwenye ruta yenyewe, 192.168.88.1. Kama hata hiyo inaruka mpaka mamia, foleni iko kwenye Wi-Fi, na hakuna mstari wowote niliouandika hapa utakaokusaidia. Hapo ni suala la kusogeza vituo vya Wi-Fi na kubadilisha chaneli.

Mtu mmoja, mikondo mia

Wiki mbili zilipita vizuri, kisha malalamiko yakarudi, ya aina nyingine. Hakuna aliyekatika simu, lakini kila kitu kilikuwa kizito. Nilipofungua orodha ya miunganisho, anwani moja ilikuwa na zaidi ya mia mbili. Torenti.

FQ-CoDel inagawa kwa haki baina ya mikondo, haigawi baina ya watu. Mwenye mkondo mmoja anapata fungu moja; mwenye sitini anapata sitini. CAKE inagawa kwanza kwa watu, kisha ndani ya fungu la kila mtu inagawa kwa mikondo yake. Kwa hosteli, nyumba ya wageni, au ofisi yenye watu wengi, ningeanza na CAKE moja kwa moja:

/queue type add name=cake-kupanda kind=cake cake-flowmode=dual-srchost cake-nat=yes

/queue type add name=cake-kushuka kind=cake cake-flowmode=dual-dsthost cake-nat=yes

/queue simple set hosteli queue=cake-kupanda/cake-kushuka

Unapopanda, mtu wa hosteli ndiye chanzo. Unaposhuka, ndiye mwisho wa safari. Ndiyo tofauti ya aina hizo mbili. Kile kipengele cha nat kinaiambia CAKE itazame anwani ya ndani, isije ikawaona wanafunzi arobaini kama mtu mmoja mwenye anwani moja ya nje.

Sikumfuata yule kijana wa torenti, wala sikumzuia. Usiku wa manane anapata laini yote. Saa mbili usiku anapata fungu lake kama wenzake.

Kuhusu kupendelea

Nimeulizwa mara nyingi: kwa nini usiweke alama kwenye mangle (sehemu ya ruta ya kutia pakiti alama), ukaipa Zoom kipaumbele cha 1 na video cha 8? Inawezekana, na kuna mahali inafaa. Ofisi yenye simu za mezani za IP, kwa mfano, kila simu moja inahitaji kama kilobiti 87 kila upande, na unaweza kuzihakikishia kwa limit-at (kasi ambayo foleni imehakikishiwa) chini ya foleni mama. Ila kumbuka kwamba kipaumbele kinafanya kazi baina ya foleni za chini zilizo na mama mmoja tu, na jumla ya limit-at isizidi max-limit ya mama. Kwa hosteli siifanyi. Orodha ya programu haiishi, bandari zinabadilika, na mimi sitaki kuwa mtu wa kuamua kwamba usaili wa huyu ni muhimu kuliko somo la yule. Jaribu haki kwanza, uishi nayo mwezi mzima.

Laini ya simu

Kama intaneti yako inatoka kwenye ruta ya 4G, kasi inabadilika na saa, na namba moja haitoshi. Pima saa mbaya kuliko zote na uwe na namba mbili:

/system scheduler add name=jioni start-time=18:30:00 interval=1d on-event="/queue simple set hosteli max-limit=2M/8M"

/system scheduler add name=usiku start-time=23:30:00 interval=1d on-event="/queue simple set hosteli max-limit=4M/16M"

Saa hapo zinahesabiwa kwa 24, kwa hiyo 18:30 ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Washa pia NTP, inayochukua saa sahihi mtandaoni, na uweke ukanda wa saa wa Africa/Dar_es_Salaam, kwa sababu ruta nyingi ndogo hazina betri ya saa. Umeme ukikatika zinaamka hazijui ni saa ngapi, na ratiba yako inakwenda kombo.

Baada ya kazi, niliandika namba zote kwenye karatasi, nikaibandika kwa selotepu ndani ya mlango wa kabati la ruta: kasi iliyopimwa, max-limit, na tarehe. Miezi kadhaa baadaye mama mwenye hosteli aliongeza vyumba, akalipia megabiti 40 kushuka na 10 kupanda, bila kunijulisha. Wiki ya tatu akanipigia: "Mwanangu, nimelipa zaidi na sioni tofauti." Ruta ilikuwa bado inabana kwenye 17.5, kama nilivyoiambia. Nikapima upya, nikapata 38.9 na 9.5, nikaweka max-limit=8500k/35M, nikajaza laini, nikapiga pingi kutoka ndani ya ruta. Milisekunde 31. Nikabandika karatasi mpya juu ya ile ya zamani, na safari hii chini yake nimeandika namba yangu ya simu na maneno haya: ukibadilisha kifurushi, nipigie siku hiyohiyo.